Mlalamishi wa Bustani Namba 47

Mke wangu alikuwa na wiki sita kaburini mtu alipomshtaki kwamba nyasi zake ni ndefu.

Sitanii. Barua ninayo hapa mezani. Imechapwa kwa taipureta, haina jina, haina sahihi.

"Bustani namba 47. Nyasi zimepita kifundo cha mguu. Uzio umezidi kimo. Magugu nyuma ya pipa la maji. Viazi havijapandwa. Mmea wa rabarba umeachwa utoe maua. Ni aibu kwa chama kizima."

Basi. Hakuna pole, hakuna "tunajua mna msiba". Nyasi tu.

Pamoja nayo kulikuwa na karatasi ya pili, yenye mhuri, kutoka kwa mwenyekiti wa chama chetu cha bustani, Bwana Volkmar Pätzold. Alisema amepokea malalamiko. Alisema ninazo siku kumi na nne. Siku ya mwisho, Jumamosi saa nne kamili asubuhi, kamati itakuja kukagua, na ikikuta kasoro bustani inachukuliwa. Chini kabisa aliongeza kwa kalamu: watu sitini na wawili wako kwenye orodha ya kusubiri.

Naitwa Joachim Krell. Nimezaliwa Leipzig, nimezeekea Leipzig, nina miaka sitini na sita. Mimi si mwandishi. Naandika haya kwa sababu nimeanza kuisahau sauti ya mke wangu.

Aliitwa Gundula. Mimi nilimwita Gundi, yeye aliniita Achim.

Ile bustani ilikuwa yake. Kaburini nimemweka mwili, lakini Gundi mwenyewe alikuwa pale, kwenye benchi la kijani mbele ya kibanda. Wakiichukua, nitakwenda kumtafuta wapi?

Ngoja nikwambie kitu kuhusu sisi watu wa hapa.

Mtu wa kwetu akipelekwa peponi, kabla hajakaa atauliza kanuni zimebandikwa wapi. Akiambiwa hazipo, ataunda kamati.

Tazama bustani zetu. Vipande themanini, kila kimoja na kibanda chake, bendera yake na sanamu yake ya kijeba mwenye kofia nyekundu. Umekwenda kupumzika, siyo? Thubutu. Theluthi moja lazima iwe mboga na matunda. Uzio usizidi mita moja na robo, ili kila mpita njia aweze kuyatazama maharagwe yako na kukuhukumu. Saa saba mpaka saa tisa mchana ni kimya. Usigonge, usikate, na ukicheka ucheke kama uko msibani.

Saa tisa kamili, kahawa na keki. Bustani themanini kwa pamoja. Vijiko vinalia kwa mpigo mmoja kama jeshi linakoki bunduki.

Na msibani? Usiulize.

Tulipotoka kumzika Gundi tulikwenda hotelini, kama desturi, kunywa kahawa na kula keki ile kavu yenye chenga za sukari. Bwana Pätzold akaja. Akanishika mkono, akautikisa mara moja. Mara moja tu, nilihesabu.

"Pole, Bwana Krell. Marehemu alikuwa mpandaji mzuri wa maharagwe."

"Ahsante."

Akala kipande cha kwanza. Akala cha pili. Akajifuta mdomo.

"Na bustani? Utaendelea nayo?"

"Mke wangu hajapoa, Bwana Pätzold."

"Naelewa kabisa. Nauliza kwa ajili ya orodha."

Hao ndio watu wangu.

Sasa, barua za namna hii hazikuanza juzi. Zina miaka kumi na moja. Zilianza mwaka ule karakana ya tramu nilikofanya kazi ilipofungwa nikarudi nyumbani kabla ya wakati wangu. Kila wiki ya kwanza ya Mei, barua moja. Mara uzio, mara geti linalia, mara majani ya mpeasi wetu yameanguka kwenye njia ya watu. Mwenyekiti anabandika nakala kwenye ubao wa matangazo, na chama kizima kinakuja kusoma kama matokeo ya mtihani.

Mwandishi nilimjua tangu barua ya kwanza.

Bi Traute Lindig, namba 46. Mwalimu mstaafu, mjane, mkavu kama fimbo yake ya zamani. Dirisha la kibanda chake linatazama nyuma ya pipa letu la maji. Hakuna binadamu mwingine anayeweza kuyaona magugu ya pale, labda rubani.

Nikaacha kumsalimia.

Kwetu hiyo si adhabu ndogo. Hapa unaweza kumpeleka jirani mahakamani asubuhi, na jioni mkasalimiana vizuri tu. Kumnyima jirani salamu ni kumzika bila jeneza. Nilimzika Bi Lindig miaka kumi na moja mfululizo, na kila siku ya jua nilimzika upya.

Gundi yeye aliendelea kupitisha chupa za jamu juu ya uzio, na miche, na mbegu kwenye bahasha.

"Wewe huna msimamo," nilimwambia.

"Msimamo wako unatutosha wawili, Achim."

Barua ikifika, Gundi aliisoma kwa sauti kwenye benchi, kikombe mkononi, huku mimi natukana. Kisha nilishika mkasi. Nilikata uzio ule kwa kamba na pima maji, kama najenga daraja la reli. Yeye aliketi akinielekeza.

"Kushoto bado juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Sasa mwonyeshe huyo mlalamishi wako."

Oktoba ya mwaka jana alilazwa hospitalini. Akatoka, akarudi, akatoka, akarudi. Bustani hakuiona tena. Kila nilipoketi kitandani kwake aliuliza habari zake, na mimi nilijibu kwamba kila kitu kiko sawa, hata kile ambacho hakikuwa sawa. Katikati ya Machi akafariki.

Baada ya mazishi nililala kwenye kochi. Sina maelezo mengine. Simu ililia nikaiacha ilie. Maziwa yaliganda nikayaacha yagande. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kunigongea.

Halafu postamani akaleta bahasha yenye mhuri.

Niliisoma nimelala. Niliisoma tena nimeketi. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama, na nilikuwa napiga kelele peke yangu sebuleni.

Nikanyoa ndevu. Nikajikata mara mbili. Nikapanda baiskeli.

"Bi Lindig!"

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake baada ya miaka kumi na moja.

Aliinua kichwa kutoka kwenye vitunguu vyake, polepole.

"Kumbe una sauti. Nilidhani ilishaoza."

"Huna haya?"

"Ninazo tele. Unataka nikukopeshe?"

Nikampungia barua. "Mke wangu hajawekewa hata jiwe la kaburi, wewe unampimia nyasi!"

Aliitazama ile karatasi bila kuigusa.

"Nyasi ni ndefu au si ndefu?"

"Hiyo siyo hoja!"

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, Bwana Krell. Mtu akilikwepa swali, jibu analijua. Ni ndefu au si ndefu?"

Nikatazama nyuma yangu. Zilikuwa zimenifika gotini.

"Utaona," nikamwambia. "Siku ya ukaguzi uje na miwani yako. Hutapata hata jani moja la kusemea."

"Nitaleta ile ya kusomea," akasema, akarudi kwenye vitunguu.

Nilifanya kazi siku kumi na mbili.

Niliibandika barua kwenye mlango wa kibanda nikawa nafuta jambo moja moja. Nyasi kwanza. Siku ya kwanza niliwasha mashine nimechelewa, na saa ikawa inakaribia saa saba.

"Dakika mbili, Krell!" sauti ya Bi Lindig ikatoka upande wa pili.

Nikakimbia na ile mashine kama mwizi na televisheni. Saa saba ikalia kanisani. Nikazima. Ukabaki ukanda mmoja wa nyasi umesimama katikati, kama ndevu alizosahau kinyozi. Nikaketi saa mbili nzima nikiutazama, na yeye akaketi saa mbili nzima akinitazama mimi.

Kisha uzio. Mita moja na sentimita thelathini na tisa. Lakini kanuni nyingine inasema kuanzia Machi hadi Septemba uzio haukatwi, kwa sababu ndege wanatotoa. Nikamfuata mwenyekiti pale kwenye ubao wa matangazo.

"Uzio niukate au nisiukate?"

"Usiukate. Upunguze."

"Tofauti yake nini?"

"Kukata ni kosa. Kupunguza ni wajibu."

"Na kama ndege ametaga kwenye zile sentimita zilizozidi?"

Bwana Pätzold alikunja uso. Alifikiri kwa dhati, maana kwetu hilo ni swali la dhati.

"Andika barua," akasema.

Nikapanda viazi. Nikang'oa magugu nyuma ya pipa. Yale magugu yanawasha, na glavu nilizozikuta kwenye kibanda zilikuwa za Gundi. Vidole vyangu viliingia nusu tu. Nilizivaa hivyo hivyo, nusu.

Jioni nilikuwa na njaa. Nilishangaa. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu kinaitwa njaa.

Kwenye barua likabaki jambo moja tu: rabarba. Sikuligusa. Nililiacha kwa makusudi, kwa sababu lilikuwa silaha yangu.

Bustani namba 47 haikuwa na rabarba.

Ilikuwapo zamani, ndiyo. Mmea wa Gundi, mashina mekundu machachu aliyokuwa akipikia keki kila Mei, na ambayo huharibika mmea ukiachwa utoe maua. Lakini sasa haikuwapo. Mlalamishi alikuwa ameandika uongo mtupu, na mimi nilikuwa nangoja kumwumbua mbele ya kamati nzima.

Jumamosi ikafika. Saa nne kamili, siyo dakika moja kabla, Bwana Pätzold akasukuma geti, na wajumbe wawili nyuma yake, kaptura na soksi hadi magotini. Alikuwa na rula ya mbao ya kukunja. Mjumbe mmoja akachuchumaa, akasimamisha kiberiti kwenye nyasi.

"Chini ya kiberiti."

"Andika," akasema mwenyekiti.

Akaupima uzio sehemu tano. Alifumba jicho moja kama mpiga risasi.

"Mita moja, sentimita ishirini na nne na nusu." Aliinua kichwa. Nadhani alisikitika kidogo. "Magugu, hakuna. Viazi, vipo. Rabarba?"

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "naomba unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Rabarba yenye maua. Iko wapi?"

Wakazunguka wote watatu. Walitazama hadi ndani ya pipa.

"Haipo," akasema Pätzold.

"Haipo! Basi andika hivyo. Andika kwamba mlalamishi ni mwongo. Na mlalamishi mwenyewe yule pale, ameegemea uzio wangu!"

Wote wakageuka. Bi Lindig alikuwa amevaa miwani ya kusomea, kama alivyoahidi.

"Bi Lindig," akasema mwenyekiti, "una habari yoyote ya hii rabarba?"

"Ninayo. Haipo tangu Oktoba."

"Umejuaje?"

"Nina macho. Panya wa ardhini waliila mizizi yote. Bwana Krell aliing'oa siku ya Jumanne, akaufukia mfuko wa mizizi kule nyuma, akaketi kwenye toroli nusu saa nzima. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuvaa hata kofia."

Nikageuka kutazama kule nilikoifukia.

Ilikuwa Jumanne kweli. Mvua ilinyesha kweli.

Kwa hiyo Bi Lindig alijua. Alijua miezi saba iliyopita. Asingelalamikia mmea ambao aliuona kwa macho yake ukizikwa.

Basi ni nani aliyedhani bado upo?

Nikaisikia sauti, ile ile niliyoogopa kuisahau. Kitanda cha dirishani, mkono mwembamba juu ya shuka. "Achim, rabarba yangu vipi?" Na mimi, kila mara: "Imelala chini ya majani makavu. Mei utaivuna."

Uongo huo nilimwambia mtu mmoja tu duniani.

Nikaketi kwenye toroli.

"Sasa tuandike nini?" Pätzold alikuwa anauliza. "Malalamiko yanasema rabarba ina maua."

"Andika haina maua," nikasema.

"Lakini haipo."

"Kwa hiyo haina maua."

Akafikiri. Akamtazama mjumbe wa kiberiti. Mjumbe akatikisa kichwa kukubali.

"Sahihi," akasema mwenyekiti, akagonga mhuri juu ya kifuniko cha pipa. "Bustani ni yako, Bwana Krell. Siku njema." Wakatoka kwa mstari.

Saa tisa kamili geti likalia. Bi Lindig akaingia na themosi na vikombe viwili. Tangu tupate bustani ile hakuwahi kukanyaga upande wangu. Akaketi mwisho wa benchi la kijani, akaacha nafasi katikati.

"Taipureta ni yangu," akasema. "Maneno ni yake."

Nikageuka kuitazama barua mlangoni.

"Unakumbuka majira ya baridi yale karakana ilipofungwa?"

"Mgongo ulikuwa unaniuma."

"Mgongo! Mwanaume ulikuwa hunawi uso. Ulilala kochini kuanzia Novemba, na Mei ilipofika ulikuwa bado umelala. Gundula alikuja kwangu, akaketi kwenye ndoo yangu, akalia. Akasema, nimembembeleza, nimempikia, daktari amempa vidonge, haamki. Nikamwuliza, anapenda nini? Akafikiri. Akasema hapendi kitu tena. Nikamwuliza, basi anachukia nini?"

Akamimina kahawa.

"Akacheka. Mara ya kwanza mwaka ule. Akasema, anachukia watu wanaoingilia uzio wake. Siku hiyo hiyo tukachapa."

Nikachukua kikombe.

"Kumbe nimekuchukia bure miaka kumi na moja."

"Siyo bure. Ulikuwa unaamka." Akanywa. "Ila ungeweza kuchukia kwa adabu zaidi. Ulikuwa unanitazama kama konokono kwenye saladi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Halafu ulikuwa hunisalimii. Hujui nilivyopumzika."

"Na hii ya mwaka huu?"

Hapo akavua miwani.

"Februari. Alinitajia kitandani, mimi nikawa naandika kwenye daftari. Alijua kwamba hataiona Mei. Alisema, Traute, atalala tena yule, namjua. Tulipofika kwenye rabarba kalamu yangu ilisimama. Nilijua haipo. Lakini alikuwa anatabasamu. Anasema, hataikumbuka kabisa, ataiacha itoe maua, mjinga wangu." Akavaa tena miwani. "Nikaandika. Ningefanyaje? Kumbe tulikuwa waongo wawili, mimi na wewe."

Vijiko vilikuwa vinalia bustani zote. Kwa mara ya kwanza sikuona sababu ya kuvicheka.

"Ziko ngapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Barua. Hii siyo ya mwisho. Namjua Gundi, hawezi kupika kitu kimoja kimoja. Ziko ngapi?"

Akafunga themosi. Akainuka.

"Mwalimu haonyeshi mtihani kabla ya siku yake."

"Traute, tafadhali—"

"Bi Lindig," akasema. "Tusivuke mipaka."

Sasa ni Oktoba. Kila asubuhi namsalimia juu ya uzio, naye ananijibu, "Fupisha, nina kazi." Wiki iliyopita alinitupia kifurushi cha gazeti bila neno. Ndani kulikuwa na kipande cha mzizi, chenye udongo. Miaka ile ya jamu na miche, Gundi alimgawia kipande cha rabarba yake, na kimestawi kule namba 46 muda wote bila panya kukigusa.

Nimekipanda mahali pale pale. Safari hii nimezungushia waya chini.

Nisikudanganye kwamba nimebadilika. Bado nawadharau watu wangu. Mtu anayepima nyasi kwa kiberiti ni wa kuchekwa, na siku nikizikwa Bwana Pätzold atautikisa mkono wa mfiwa mara moja tu, kisha ataulizia orodha. Lakini nimejifunza jambo moja, na nalitoa bure: anayekukera kila mwaka, kabla hujamzika, uliza kwanza ametumwa na nani. Wengine hawaamshwi kwa busu. Gundi alilijua hilo, akakubali mapenzi yake yabebe sura ya adui.

Mei ikifika, rabarba itatoa maua. Sitayakata. Nitaketi kwenye benchi la kijani ningoje barua, maana mke wangu alisema itatoa maua; hakuwa mwongo, na sitaki aanze sasa.